Anayesema ni Nani? Hadithi za Mapenzi Zinapohamia Masikioni

Niseme wazi tangu mwanzo: napenda hadithi za mapenzi, na siyo kwa kujificha. Nilianza nazo sekondari, kwenye magazeti ya udaku, zile za ukurasa wa ndani zinazokatika pale pale mlango unapogongwa, halafu chini yake "itaendelea wiki ijayo". Chuo kikuu nikafundishwa kuziita fasihi pendwa, neno zuri tu, ila lilikuwa linatamkwa kama mtu anayeinua soksi chafu kwa vidole viwili. Nikahitimu, nikaendelea kuzisoma. Kwa hiyo ninayoyasema hapa siyo ya mtu anayezitazama kwa juu. Ni malalamiko ya mteja wa siku nyingi.

Siku hizi nazisikiliza zaidi ya kuzisoma. Kufungua kitabu ukiwa umesimama kwenye daladala la Mbezi ni mazoezi ya viungo, lakini ukiweka hedifoni na kufungua simulizi YouTube, au ile uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp baada ya kulipia kwa M-Pesa, safari inaisha hujui imeishaje. Fundi cherehani anasikiliza, mlinzi wa usiku anasikiliza. Saluni ninakosukia wanaiweka kwenye spika kabisa, na ikifika sehemu nzito mikono inasimama kichwani kwako, unasubiri na wewe. Kuna faida nyingine ambayo watu hawaisemi: kitabu cha sauti hakina jalada. Dada mwenye hijabu au mke wa mchungaji anaweza kukaa kwenye mwendokasi na riwaya ya mapenzi masikioni, uso mkavu, na hakuna mtu wa kumuuliza anasoma nini.

(Sitaki kuleta habari za bibi na hadithi za jioni kando ya moto, kwamba eti fasihi yetu ilianzia kwenye sikio na sasa imerudi nyumbani. Kila anayeandika kuhusu vitabu vya sauti lazima amtaje bibi. Bibi apumzike.)

Sasa lalamiko lenyewe. Wasimulizi ninaokutana nao ni wanaume, kasoro wachache. Wengi wana sauti nzuri kweli, nzito, ya redio, na wakisimulia barabara, mvua, ofisi, ugomvi wa baba na mwana, unakaa mkao wa kusikiliza. Halafu mwanamke anafungua mdomo. Hapo jamaa anabana koo, sauti inapanda juu, inakuwa nyembamba na ya kudeka, kama mtoto anayeomba biskuti dukani. Mhusika anaweza kuwa hakimu, nesi, muuza samaki wa Feri au mjane mwenye watoto watano. Wote wanatoka na sauti hiyo hiyo moja. Nimewahi kusikiliza simulizi ambayo shujaa wake ni daktari bingwa wa upasuaji, na kila akitoa amri chumba cha upasuaji nilikuwa nacheka peke yangu.

Ukisema hivi unaambiwa ni utani tu, au ni ufundi wa msimulizi. Mimi naona ni kasoro kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu hadithi ya mapenzi inasimama juu ya jambo moja: anachokitaka mwanamke. Anataka nani, anakataa nini, anakubali lini na kwa nini. Akivuliwa sauti ya mtu mzima, hata "sitaki" yake inasikika kama maringo. Na "sitaki" inayosikika kama maringo tunajua huwa inaishia wapi.

Kusema haki, lugha yetu yenyewe inawabana wasimulizi hawa. Kiingereza kina kiwakilishi cha mwanamume na cha mwanamke, vinatenganishwa kila sentensi. Kiswahili kinatosheka na a-. Chukua sentensi kama hizi, nimezitunga tu: Alimtazama kwa muda. Alitaka kumwambia, akasita. Akamshika mkono, akauondoa. Nani kamshika nani? Nani kauondoa? Kwenye karatasi macho yanarudi nyuma kidogo, yanaona jina liko wapi na alama za usemi zimefungwa wapi, unaelewa. Kwenye sauti hakuna kurudi. Ukirudi unagusa simu yenye mafuta ya maandazi na kupotelea sehemu ya nne. Kwa hiyo msimulizi anahitaji alama ya kumwambia msikilizaji "sasa anaongea huyu", na iliyo karibu kuliko zote ni kubana koo.

Lakini hapo ndipo mwandishi mzuri anapojulikana, kwa sababu mwandishi mzuri haachi kazi hiyo kwa koo la mtu mwingine. Soma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1999. Kwa macho yangu hiyo ni riwaya bora ya mapenzi tuliyonayo, hata kama wahakiki wanapenda kuiita riwaya ya ukombozi na kuishia hapo. Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka 15, ameozwa kwa Raza, mwenye duka aliyevuka miaka 50. Anaondoka. Anapokelewa na Mwajuma, shoga yake, na katika mazingira hayo anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayewindwa na serikali ya kikoloni. Mtazame Mwajuma anavyoongea. Humhitaji mtu abane sauti ili ujue ni yeye: anakutania kabla hajakusalimia, anakukaribisha huku anakusuta, ana jibu la kila kitu. Yasmin kwa upande wake anaanza hadithi akiwa na maneno machache, na kadiri anavyokaa na Mwajuma maneno yanaongezeka. Msimulizi yeyote, hata mwenye besi ya kutetemesha ukuta, anaweza kusoma mazungumzo yao kwa sauti yake ya kawaida na msikilizaji asipotee.

Filamu iliyotokana na riwaya hiyo, ya Amil Shivji ya mwaka 2021, ilifanya jambo moja ambalo wasimulizi wetu wangelitazama. Mwajuma alipewa Siti Amina, mwanamuziki wa Zanzibar. Sauti ya mwanamke wa taarab ikapewa mwanamke anayeimba. Rahisi hivyo.

Na wala jambo hili siyo geni kwetu. Waliokuwa na redio nyumbani miaka ya tisini wanaikumbuka Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza 1993. Ulikuwa wa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na ukimwi, na mafunzo yake wakati mwingine yalikuwa yanakupiga usoni. Lakini Mkwaju, yule dereva wa lori na wanawake wake wa njiani, alikuwa na mke, Tunu, na Tunu alikuwa na sauti ya mwanamke. Akichoka, unasikia mtu aliyechoka. Leo simu moja ina uwezo wa kurekodi vizuri kuliko vifaa vingi vya zamani, halafu tumebaki na mtu mmoja na koo lake. Najua sababu ni hela. Msimulizi wa pili ni mgao wa pili, na mapato ya YouTube yenyewe ni ya kuungaunga. Sawa. Ila kama msimulizi ni mmoja, basi asome. Asiigize. Apunguze mwendo mwanamke anapoongea, aache nafasi kabla ya jibu lake, inatosha.

Nimesema wasimulizi ni wanaume. Waandishi nao? Ukiniambia nitaje riwaya za Kiswahili zenye mapenzi katikati, mdomoni yanakuja majina ya kiume kwanza: Shafi, Mohamed Suleiman Mohamed na Kiu yake ya 1972, Kajubi Mukajanga, Ben Mtobwa. Zainab Burhani na Mwisho wa Kosa ya 1987 lazima nisimame kidogo nimkumbuke, na hilo siyo kosa lake. Kwa hiyo yule mwanamke wa hadithi anasemewa mara mbili, kwanza na kalamu ya mwanamume, halafu na koo la mwanamume.

Kuna mahali Afrika hii mambo yalikwenda kinyume. Kano, kaskazini mwa Nigeria, kuanzia miaka ya themanini wanawake wenyewe walianza kuandika hadithi za mapenzi kwa Kihausa, vitabu vyembamba vya bei ndogo vinavyouzwa sokoni, wanaviita littattafan soyayya. Balaraba Ramat Yakubu, aliyeozwa akiwa bado msichana mdogo, alitoa Alhaki Kuykuyo Ne mwaka 1990: mke anafukuzwa na watoto tisa, anaanza kupika na kuuza chakula, anasimama mwenyewe. Vitabu vya namna hiyo vikaingia redioni, vikawa vinasomwa hewani, vikawafikia na wasiojua kusoma. Wakubwa hawakufurahi, mwaka 2007 serikali ya jimbo la Kano ilivichoma hadharani. Sisemi kila kitabu kati ya hivyo ni dhahabu. Nasema msikilizaji wa Kano alipata nafasi ya kusikia maneno ambayo mwanamke alijichagulia mwenyewe.

Kwetu anachopata, mara nyingi, ni mahubiri. Hili linanikera kuliko hata koo. Msimulizi anafika mahali binti kadanganywa, kapewa mimba, kaachwa; ni wakati wa kunyamaza na kuiacha hadithi ifanye kazi yake. Yeye anasimamisha hadithi na kutuambia: "Wadada, mmeona? Tamaa hizi." Mwanamume aliyedanganya hapewi somo. Tabia hii ina ukoo mrefu. Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, ikasemwa inaharibu wanafunzi, wakati ndani yake Rosa analipa kwa uhai wake. Kezilahabi angalau alituonyesha baba aliyemlea binti kwa kipigo na woga, tukajua mzigo ulianzia wapi. Wengi waliokuja baadaye wamebakiza adhabu, wakamsahau baba.

Nina mengine madogo, nayapitisha haraka. Mashujaa wa kike wote ni "weupe kama Mwarabu". Jamani, weusi hatupendwi? Kuzimia kumezidi: barua ikifika mtu anazimia, simu ikikata mtu anazimia, na wote wanazinduka kwenye hospitali binafsi yenye maua mezani. Tajiri ni lazima awe na gari jeusi. Muziki wa nyuma, kinanda kile kile cha kulia, unaanza sekunde kumi kabla ya habari mbaya, kwa hiyo hakuna habari mbaya inayokushtua tena. Na wapo wanaosoma kazi za watu bila ruhusa wala kutaja jina la mwandishi. Huo ni wizi, hauhitaji aya nzima.

Pamoja na yote hayo, kuna kitu sauti inakifanya ambacho karatasi haikiwezi, ndiyo maana bado naweka bando. Ni kusita. Kwenye kitabu "akasita" ni neno moja, jicho linaliruka. Msimulizi mwenye akili akilifikia anasita kweli, sekunde mbili, tatu, na wewe uliyesimama umeshika bomba la daladala unasita naye. Nimemsikia dada mmoja, msimulizi asiye na jina kubwa, akisoma tukio la mke kumuuliza mumewe alilala wapi. Hakubadilisha sauti kwa mke wala kwa mume. Aliuliza swali, akanyamaza. Nikasikia jiko kwa mbali, nadhani hata halikukusudiwa, lilikuwa jikoni kwake mwenyewe anakorekodia. Kisha jibu la mume likaja haraka mno, na nikajua anadanganya kabla mke hajajua.

Ndiyo maana nikitamani kitabu kimoja kisomwe vizuri, natamani Kiu. Ndani yake kuna watu watatu, Bahati, Idi na mzee Mwinyi, na kila mmoja ana kiu yake: huyu ya kupendwa, huyu ya mali, huyu ya ujana wa mtu mwingine. Idi anasema maneno matamu, na uzito wa kitabu ni kwamba Bahati anayaamini. Msimulizi akimfanya Bahati mtoto wa kudeka, tutamwona mjinga, tumcheke, kitabu kiishe. Akimsoma kama mtu mwenye akili timamu aliyeamua kuamini, tutaogopa, kwa sababu maneno yenyewe ya Idi yakisomwa taratibu yanaaminika, hata na mimi niliyekwishafika mwisho.

Asome mwanamke. Bila kinanda.