Jamani, Mmeijaribu ClickHouse?

Weee, rafiki yangu, acha kwanza unachofanya! Nimetoka kuishika ClickHouse sasa hivi, vidole bado vinanicheza, na sitatulia mpaka nawe uijaribu. Ni hifadhidata iliyokuzwa na Yandex kule Urusi, ikaachiwa umma mwaka 2016, na leo iko Kitale, ndani ya kompyuta kuukuu chini ya kaunta ya duka la pembejeo, ikimeza logi na treisi zote za mfumo wa mauzo. Zote! Na wala haihemi!

Kuipanga nako ni raha tupu. Nilijiandaa kukesha nikiunda majedwali. Wapi! Nikaipa kolekta ya OpenTelemetry, ile inayokusanya logi na treisi na kuzituma ClickHouse, anwani ya hifadhidata, jina na nenosiri, nikaiwasha, majedwali yakajijenga yenyewe: safi, nadhifu, yamepangika ajabu!

Halafu kasi! Tawi la Bungoma malipo yalikuwa yanasuasua. Nikauliza swali, kabla sijainua kidole jibu hili hapa: hatua ya kukagua stoku ilikuwa ikipekua orodha nzima ya mbegu kila mteja akilipa. Nimeyaona hayo nikiwa Kitale, bila matatu, bila Kiminini, bila Kamukuywa, bila vumbi!

Siri yenyewe tamu: data inalala kwa safuwima, si kwa safumlalo. Ni kama ghala ambalo kila aina ya mbegu ina chumba chake. Ukitaka moja, hugusi magunia ya nyingine. Na kwa kuwa vinavyofanana vimelala pamoja, inavibana, inavibana, mpaka ukitazama diski unashtuka: data yote imeenda wapi? Ipo!

Na bado! Kwenye mipangilio ya kolekta kuna kijineno, ttl. Kiandikie saa 72, logi zilizopitwa na wakati zinajifuta zenyewe. Tafadhali anza na hicho, diski isije ikajaa.

Na bado! Kolekta ya Bungoma ukiiwekea foleni kwenye diski, na ukairuhusu ijaribu tena bila kuchoka, stima ikipotea Kitale habari zinasubiri kwa adabu. Stima ikirudi, zinamiminika shwaaa!

Ni ya bure kabisa, ishushe leo usiku. Na sijafika hata kwenye Grafana, ile michoro inavyopanda na kushuka mbele ya macho yako, rangi zake zile… aki, we ijaribu tu!