Ninja 250 Kuingia Saketi: Fedha Zianzie Chini

Kawasaki walipoifanyia Ninja 250R mabadiliko makubwa mwaka 2008, macho ya wengi yalikimbilia plastiki zake mpya zilizofanana na za pikipiki kubwa za mbio. Badiliko lenye uzito zaidi lilikuwa chini, kwenye rimu. Kwa karibu miaka 20 pikipiki hiyo ilikuwa ikiuzwa Marekani na rimu za inchi 16, saizi ambayo matairi ya kisasa ya mwendo kasi hupatikana kwa shida. Ile ya 2008 ilikuja na inchi 17 mbele na nyuma: 110/70 mbele, 130/70 nyuma. Tangu hapo, mwenye pikipiki kuukuu ya cc 249 aliweza kuingia dukani akatoka na matairi ya mpira laini ya ukoo uleule wa yale yanayofungwa kwenye pikipiki za cc 600. Haikuchukua muda, Ninja hizi zikawa nyingi kwenye mistari ya kuanzia ya vilabu vya mbio, na nyingi zaidi kwenye siku za mazoezi ambazo viwanja huuza kwa mtu yeyote mwenye ovaroli ya ngozi na helmeti nzuri.

Nimefuatilia kwa muda mrefu jinsi pikipiki hizi zinavyobadilishwa, na msimamo wangu ni mmoja: aliyefaulu kwa fedha kidogo ni yule aliyemaliza kazi ya matairi, shokapu na breki kabla ya kuigusa injini. Wengi hufanya kinyume. Kitu cha kwanza kununuliwa ni ekzosi.

Tazama hesabu yenyewe. Injini ya Ninja 250R ina pistoni mbili, mstari mwekundu uko kwenye mizunguko 13,000 kwa dakika, na nguvu inayofika kwenye tairi la nyuma haitimizi farasi 30. Pikipiki nzima, ikiwa na mafuta, ina uzito wa kama kilo 170. Ekzosi mpya pamoja na jeti za kabureta huongeza farasi mmoja au wawili. Dereva anayeachia mafuta mapema kwa kuogopa kona hupoteza muda mwingi kuliko huo unaorudishwa na farasi wawili, na anaupoteza katika kila kona, kila mzunguko. Ndiyo maana madaraja ya pikipiki ndogo yanaheshimiwa kama shule. Mashindano ya dunia ya Supersport 300 yalipoanza mwaka 2017, waandaaji waliweka mipaka ya mizunguko ya injini na uzito ili pikipiki za ukubwa tofauti zikaribiane. Mwaka uliofuata Ana Carrasco wa Uhispania, akiwa juu ya Ninja 400, alilitwaa taji hilo na kuwa mwanamke wa kwanza kushinda ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za lami za dereva mmoja mmoja. Injini zikishasawazishwa hivyo, kinachobaki ni nani anabeba mwendo ndani ya kona.

Ununuzi una mantiki yake. Pikipiki inayofaa kwa kazi hii ni ile iliyoanguka kidogo: plastiki zimepasuka, indiketa zimevunjika, tenki lina kovu. Mara nyingi kampuni ya bima imeshaifuta, na kwa kuwa ni taabu kuisajili tena kwa barabara, bei yake hushuka sana. Saketi haitaki namba ya usajili. Kinachotakiwa kuchunguzwa ni fremu, hasa vile vizuizi viwili vidogo shingoni vinavyozuia usukani usizidi kugeuka. Kimojawapo kikiwa kimepinda au kimekatika, ujue ajali haikuwa ndogo. Kisha inua gurudumu la mbele na uuzungushe usukani polepole. Ukihisi unakwama kidogo kila unapofika katikati, beringi za shingo zimeshachimbika. Beringi si ghali, lakini ukiziacha hivyo, pikipiki haitatulia kwenye kona hata ukiifunga shokapu za bei gani.

Injini ikaguliwe klirensi za vavu na kiasi cha oili. Injini inayoishi juu ya mizunguko 10,000 hula oili, na hii inabeba chini ya lita mbili. Aliyezoea kupima oili mara moja kwa mwezi, huku atapima kila asubuhi kabla ya kuingia uwanjani.

Baada ya hapo ni kuvua. Taa ya mbele, vioo vya pembeni, indiketa, kiti cha abiria na vikanyagio vyake, honi, stendi, vyote vinatoka. Hapa wenye busara hupata mtaji. Plastiki za asili za Ninja zilizo nzima zinauzika haraka, kwa sababu wapo wenye pikipiki za barabarani walioangusha zao na hawataki kulipa bei ya mpya. Taa na vioo vinauzika vilevile. Fedha hizo hununua bodi ya faibaglasi, ambayo ni nyepesi na ikipasuka inazibwa kwa resini jioni ileile, na mara nyingine hubakia ya kununua tairi moja. Vifaa hivi viuzwe mapema, la sivyo vitakaa stoo hadi plastiki ipauke na mnunuzi asipatikane.

Sasa tuje kwenye shokapu za mbele, mahali ambapo pikipiki hii ilibaniwa kiwandani na ambapo kazi kidogo hulipa kuliko pengine popote. Nguzo zake ni za milimita 37 na hazina skrubu yoyote ya kurekebisha. Ukiifungua moja utakuta springi ndefu, mafuta, na chini kabisa kijiti chenye uwazi katikati, kilichotobolewa matundu machache. Fundi wa bodaboda aliyewahi kubadilisha sili za Boxer anakijua kijiti hicho, kwani mfumo ni uleule. Gurudumu likipanda, mafuta husukumwa yapite kwenye matundu, na ugumu wa kupita ndio unaoizuia springi isidunde ovyo.

Tatizo ni kwamba matundu hayo hayabadiliki. Mwendo wa mafuta ukiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka karibu mara nne. Kwa hiyo shokapu inaposhuka taratibu, kama pale dereva anapobana breki akielekea kona, mafuta yanapita kirahisi na pua inazama. Gurudumu linapogonga tuta la ghafla, mafuta yanakwama na pigo zima linapanda mikononi. Ukiweka mafuta mazito unapunguza kuzama lakini unazidisha pigo. Ukiweka mepesi, kinyume chake. Huwezi kushinda pande zote mbili kwa kubadilisha mafuta peke yake.

Race Tech, kampuni ya California, iliuza jibu la tatizo hili kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuimudu: vavu ndogo inayokaa juu ya kile kijiti, chini ya springi. Matundu ya kijiti yanapanuliwa kwa drili ili yasizuie tena chochote, na kazi yote inahamia kwenye vavu, ambayo ina kispringi chake. Pua ikishuka taratibu, vavu inabaki imefunga na mafuta yanapita kwa taabu kwenye kitundu chembamba. Pigo la ghafla likija, presha inaisukuma vavu ifunguke. Sehemu hizo mbili za kazi zinakuwa zimetenganishwa. Ni ufundi safi kabisa, na unafanyika kwenye meza ya nyumbani.

Hata hivyo, kama fedha ni ya kitu kimoja tu, nunua springi. Za kiwandani ni laini mno kwa mtu mzima aliyevaa ovaroli ya ngozi na buti, na kwa dereva wa kilo 75 hadi 80 wengi huchagua springi ya kati ya 0.80 na 0.90, yaani idadi ya kilo zinazohitajika kuibana kwa milimita moja. Kuipima ilivyokaa ni kazi ya watu watatu na futi ya chuma. Mmoja anainyanyua pikipiki mpaka gurudumu la mbele lining'inie, mwingine anapima nguzo inayong'aa kutoka kwenye sili hadi kwenye kishikizo cha chini. Kisha dereva, amevaa kila kitu, anapanda na kukaa mkao wa mbio, na wenzake wanapima tena. Tofauti ya vipimo hivyo ni kiasi ambacho uzito wake umeila springi. Kwa shokapu yenye safari ya milimita 120, tafuta kama 30 hadi 35. Ikizidi, unaongeza urefu wa kikombe kinachokaa juu ya springi, na kikombe hicho ni kipande cha bomba la PVC, hilihili la mafundi bomba, kilichokatwa sawasawa kwa msumeno. Milimita 10 za bomba zinaondoa takriban milimita 10 za kushuka.

Kabla ya kuingia uwanjani, funga kwenye nguzo kamba nyembamba ya plastiki ya kufungia nyaya, iguse sili. Shokapu itaisukuma juu na kuiacha pale ilipofikia mwisho. Ukirudi ukaikuta imefika ukomo, ongeza mafuta kidogo ili hewa iliyo juu yake ibanwe mapema. Ukiikuta katikati, springi ni ngumu mno au dereva bado anaogopa breki.

Kwa shokapu ya nyuma wengi hutafuta iliyotumika kutoka kwenye pikipiki kubwa zaidi. Inawezekana, mradi urefu kutoka tundu la bolti la juu hadi la chini upimwe vizuri. Sentimita moja tu ya tofauti hubadilisha jinsi pikipiki nzima inavyogeuka.

Breki za Ninja 250R zimebezwa na watu wasiozijua. Mbele kuna diski moja ya milimita 290 na kalipa ya pistoni mbili, na kwa uzito huu inatosha kabisa. Kinachoiangusha ni vitu rahisi: hosi ya mpira inayovimba ikibanwa, pedi za bei ya chini, na mafuta ya breki ya tangu pikipiki itoke dukani. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishalowa kiwango cha chini kinachoruhusiwa hushuka hadi 155. Saketini joto hilo linafikika. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na mkono wa breki unagusa usukani mwishoni mwa mstari mrefu kuliko yote. Hosi iliyosukwa kwa nyuzi za chuma, pedi nzuri na chupa mpya ya mafuta ni gharama ndogo. Kufunga diski ya pili ni kujitafutia uzito bure.

Kuna kazi isiyoongeza mwendo hata kidogo, nayo nawasihi wanaoanza wasiifanye kwa haraka: kufunga bolti kwa waya. Bolti ya kumwagia oili, kifuniko cha kujazia, filta na bolti za kalipa hutobolewa tundu dogo kichwani na kupitishwa waya wa chuma cha pua. Kutoboa kunataka drili ya mwendo wa polepole, tone la oili na subira, maana biti za milimita 1.5 hukatika kama njiti za kiberiti. Waya ukishasokotwa lazima uvute upande wa kukaza. Ukivuta upande wa kulegeza, hautakuwa umefunga kitu. Kwenye rejeta hutiwa maji matupu badala ya kulanti, kwa sababu kulanti ikimwagika lami inateleza na haikauki upesi kama maji. Kwa sababu hiyohiyo kanuni za FIM, shirikisho la kimataifa la mbio za pikipiki, zinataka bodi ya chini iweze kubeba angalau nusu ya oili na maji ya injini. Anayefuata nyuma yako kwenye kona haioni oili yako mpaka ameshaikanyaga.

Vikanyagio vya asili husugua lami mapema mno dereva akishajifunza kulala, kwa hiyo huhamishiwa juu na nyuma. Usukani hushushwa. Mkono wa breki huwekewa kinga ili usibanwe na pikipiki ya jirani mkiwa bega kwa bega. Kuhusu haya sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba mikono ya breki na klachi ya akiba iwe ndani ya sanduku la spana kabla ya siku ya kwanza.

Injini ndiyo ya mwisho. Anayeweka ekzosi wazi kwenye Ninja za Marekani, zenye kabureta, atapata mchanganyiko wenye hewa nyingi kupita kiasi na petroli kidogo, na atalazimika kubadilisha jeti kuu na kuinua sindano kwa washa nyembamba. Tena viwanja vingine hupima kelele; uwanja wa Laguna Seca wa California una sifa ya ukali kwa hilo, na pikipiki inayovuka kiwango hutolewa nje hata kama imelipiwa siku nzima.

Kilicho bora kwa fedha kidogo ni meno ya sproketi. Kiwandani sproketi ya mbele ina 14 na ya nyuma 45. Kupunguza jino moja mbele ni sawa na kuongeza kama matatu nyuma, kwa hiyo nyuma ndiko kwa marekebisho madogo. Lengo ni mshale ufike karibu na mstari mwekundu katika gia ya sita mwishoni mwa mstari mrefu wa uwanja huo. Ukifika mapema, punguza meno nyuma; usipofika kabisa, ongeza. Sproketi mbili za ziada, ya meno 43 na ya 47, pamoja na cheni ya urefu unaozimudu zote, zinagharimu sehemu ndogo ya bei ya ekzosi, na wawili wenye spana zao wanaibadilisha moja wakati wa mapumziko ya mchana.