Njia Tupu Imepewaje Jina?

Stigmella ruficapitella hakustahili kuingia kwenye orodha mpya ya nondo wa mialoni ya Uingereza. Ushahidi wake ni picha tu: jani la mwaloni, njia ya kiwavi iliyopindapinda ndani yake, mstari mwembamba wa kinyesi katikati, na mwishoni tundu alikotokea kiwavi. Kiwavi hayupo. Nondo hayupo. Hata yai hatukuonyeshwa lilitagwa upande gani wa jani. Mhakiki wa orodha akapitisha.

Alisoma nini hasa pale? Mialoni hiyohiyo hulisha pia ndugu zake wa jenasi ya Stigmella: atricapitella, roborella, samiatella na svenssoni, na njia zao zikishahamwa, jicho halina la kushika. Upande wa yai hudokeza, rangi ya kiwavi hudokeza, lakini hapo hapakuwa na kimojawapo. Anayetaka uhakika hufuga: humchukua kiwavi akiwa bado ndani ya jani, humwacha atoke afume kifukofuko, na wa vuli humngojea mpaka majira ya baridi yapite. Akipata nondo mzima hutazama kichwa, maana dume wa atricapitella ana kichwa cheusi, kisha humpasua na kuchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini. Mhakiki wetu alikuwa na simu na haraka.

Nimeshalilalamikia hili mara nyingi na sitaacha. Tangu picha zianze kumiminika, kila kovu la jani linatafutiwa jina kamili, kana kwamba kuandika "Stigmella" peke yake ni aibu. Erich Martin Hering wa Berlin, ambaye mwaka 1957 alitoa juzuu tatu za kutambua michimbo ya majani ya Ulaya, alidai mmea, yai, kinyesi na kiwavi. Maitland Emmet, mwalimu wa shule aliyekuja kuwa bingwa wa Nepticulidae, familia ya nondo hawa, alifuga. Hao ndio waliotufundisha, na leo tunawapita kwa kidole gumba.

Sisemi orodha nzima ni mbovu: Stigmella basiguttella, mwenye kinyesi cha kijani kinachojaza njia, na Ectoedemia subbimaculella, mwenye mpasuko upande wa chini wa jani, walitambuliwa vizuri.

Huyu wa kwanza, anayeitwa ruficapitella, aandikwe Stigmella tu, basi. Anayeng'ang'ania jina kamili, kizazi cha pili kitakuwa majanini Septemba na Oktoba; aende na chupa, achume jani lenye kiwavi mwenyewe ndani.