Saa 24 za Alcoa: Jeraha la Kiwandani Lilipofika kwa Mkurugenzi Mkuu

Mwaka 1987 kampuni ya alumini ya Alcoa, yenye makao yake Pittsburgh nchini Marekani, ilipata mkurugenzi mkuu mpya aliyetoka kwenye biashara ya karatasi, na kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa serikali katika ofisi ya bajeti mjini Washington. Jina lake Paul O'Neill. Wawekezaji walitarajia azungumzie faida na bei ya hisa. Yeye alizungumzia usalama wa wafanyakazi, kisha akaweka kanuni ambayo hadi leo wataalamu wa usalama kazini wanaichambua. Mfanyakazi yeyote akiumia, mkuu wa kitengo chake ana saa 24 za kumfikishia O'Neill mwenyewe taarifa, na taarifa hiyo lazima iambatane na mpango wa kuhakikisha kwamba jeraha la namna hiyo halitokei tena.

Wengi wanaosimulia habari za Alcoa huzikumbuka hizo saa 24 na kulisahau sharti la pili, ambalo ndilo lililofanya kazi kubwa zaidi. Taarifa isiyo na mpango hupokelewa, hugongwa muhuri na kuingia kwenye faili. Taarifa inayodai mpango humlazimisha aliyeiandika ashuke hadi kwenye mashine yenyewe, aulize, aone kwa macho yake, na aseme ni nani atafanya nini.

Ieleweke pia kwamba Alcoa haikuwa kampuni yenye sifa mbaya. O'Neill alipoingia, kiwango chake cha majeraha yanayomfanya mtu akose siku ya kazi kilikuwa 1.86 kwa kila wafanyakazi 100 kwa mwaka, wakati wastani wa Marekani ulikuwa karibu 5. Kwa kiwanda kinachoshughulika na metali iliyoyeyushwa na mashine zenye nguvu za kutisha, mameneja waliona wamefanya vizuri. Kufika mwaka 2000, mwaka aliostaafu, kiwango kilikuwa 0.2.

Namna kanuni ile ilivyofanya kazi inaonekana ukihesabu muda. Tuseme mtu wa zamu ya usiku amekatwa kidole saa tisa alfajiri. Mkuu wa kitengo yuko mji mwingine, pengine nchi nyingine. Ili amfikie O'Neill kabla ya alfajiri ya siku inayofuata akiwa na mpango mkononi, lazima meneja wa kiwanda awe amempigia asubuhi hiyo hiyo. Meneja hawezi kupiga simu bila kuelezwa na msimamizi wa zamu. Msimamizi naye hana la kueleza kama hakuzungumza na aliyeumia na wenzake waliokuwa jirani, na hawezi kupendekeza dawa ya tatizo kama hajui watu wa chini wanafikiri nini kuhusu mashine ile. Kampuni iliyozoea kupeleka maagizo kutoka juu kwenda chini ikajikuta inalazimika kufungua njia ya kupandisha habari. Alcoa ilikuwa miongoni mwa kampuni za mwanzo kuwaunganisha mameneja wake kwa barua pepe, na sababu mojawapo ilikuwa hiyo: kiwanda kimoja kijue mapema kilichomjeruhi mtu katika kiwanda kingine.

Kanuni ilijaribiwa miezi michache baada ya O'Neill kuingia, katika kiwanda cha Arizona. Mashine kubwa ya kusukuma alumini ilikwama. Kijana mmoja, aliyekuwa na wiki chache tu kazini, akaruka ukuta wa kinga, akavuka shimo la mashine na kung'oa kipande cha alumini kilichonasa kwenye bawaba ya mkono mrefu wa chuma. Alikuwa amefanikiwa. Mashine ikawaka tena, mkono ule ukazunguka na kumpiga kichwani. Alikufa papo hapo.

Muda mfupi baadaye O'Neill aliwaita wakuu wa kiwanda na viongozi wa kampuni. Walitumia saa nyingi kutazama mkanda wa video na kuchora michoro, wakalirudia tukio hatua kwa hatua. Mwishoni yalipatikana makosa kadhaa, na yanastahili kusomwa polepole. Wasimamizi wawili walimwona kijana akiruka ukuta na hawakumzuia. Hakukuwa na maelekezo yaliyomtaka amtafute msimamizi kabla ya kugusa mashine iliyoharibika. Hakukuwa na kihisi cha kuizima mashine pale mtu anapoingia shimoni. Na mafunzo aliyopewa hayakumwambia wazi kwamba mashine ikikwama, yeye hatalaumiwa.

Kosa hilo la mwisho lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana kwenye orodha. Kijana mgeni kazini anaiona mashine imesimama, uzalishaji umesimama, na anadhani lawama itamwangukia. Anakimbilia kurekebisha. Katika viwanda vingi uchunguzi ungeishia kwenye sentensi moja tu, kwamba marehemu alikiuka taratibu za usalama, na sentensi hiyo ingekuwa ya kweli kabisa. Lakini isingemkinga mtu wa pili. O'Neill aliwaambia viongozi wenzake kwamba kifo kile kilitokana na kushindwa kwa uongozi, akianza na yeye mwenyewe, kisha kila aliyekuwa katika safu ya madaraka hadi chini. Ndani ya wiki moja vizuizi vya usalama katika viwanda vyote vya Alcoa vilipakwa upya rangi ya manjano inayong'aa, na taratibu mpya zikaandikwa.

Rangi ni jambo dogo. Lakini wafanyakazi waliiona kwa macho, mahali pao pa kazi, siku chache baada ya msiba, nao wakajua kwamba kilichosemwa ofisini kimeshuka hadi sakafuni. Ufuatiliaji usioonekana na aliyetoa taarifa, kwake ni sawa na kutokuwepo.

O'Neill alilijua hilo, na alipotembelea viwanda aliwauliza wafanyakazi kama mapendekezo yao ya usalama yanatekelezwa. Alipoambiwa kwamba mengine yanaishia kwa mameneja, aliwapa wafanyakazi namba yake ya simu ya nyumbani. Simu zikaanza kuingia, na si zote zilihusu ajali. Mtu akishaamini kwamba kuna anayesikiliza, huleta pia mawazo aliyokuwa amekaa nayo miaka mingi juu ya namna ya kupanga kazi vizuri zaidi. Upande wa fedha nao alikuwa na msimamo mkali: chochote kinachoweza kumuumiza mtu kirekebishwe mara kinapogunduliwa, bila kusubiri kipangiwe fungu kwenye bajeti ya mwaka ujao.

Hadi hapo habari inaelekea vizuri mno. Sehemu inayofundisha zaidi ni ile ambapo mfumo ulishindwa.

Mwaka 1996, katika mkutano wa wanahisa mjini Pittsburgh, mtawa mmoja wa Kibenediktini alisimama na kusema kwamba wafanyakazi wa Alcoa huko Ciudad Acuña, Mexico, walikuwa wakiugua kutokana na mafusho kiwandani. O'Neill alikuwa na kumbukumbu za usalama za viwanda vyote, na kwa mujibu wa kumbukumbu hizo Acuña ilikuwa safi. Alimjibu hivyo. Hata hivyo alituma wachunguzi, na walichokikuta kilithibitisha maneno ya mtawa. Gesi ilikuwa imejikusanya ndani ya jengo, wafanyakazi wakaugua na kutibiwa. Kiongozi aliyehusika aliweka mitambo ya kutoa hewa chafu, wagonjwa wakapona haraka, kazi ikaendelea. Alichokosa kufanya ni kutoa taarifa.

Kwa vipimo vya kawaida vya utawala, mtu huyo alikuwa ametatua tatizo. Tena alikuwa kiongozi mwandamizi, mwenye mafanikio makubwa ya kibiashara. O'Neill alimwachisha kazi ndani ya siku mbili baada ya wachunguzi kurudi.

Hapa ndipo uti wa mgongo wa mfumo wote ulipo. Hakuna anayesimuliwa kufukuzwa Alcoa kwa sababu tu mtu aliumia katika kitengo chake na yeye akasema. Huyu alifukuzwa kwa kunyamaza. Sehemu nyingi mambo huenda kinyume: anayeleta habari ya ajali ndiye anayehojiwa, ndiye anayepewa barua ya onyo, ndiye zamu yake inayonyimwa posho ya mwezi. Anayeficha hupongezwa kwa siku 300 bila ajali, zilizoandikwa kwenye ubao wa getini. Posho ya namna hiyo hununua ukimya. Fundi aliyepondwa kidole atajifunga kitambaa na kurudi kazini, maana akienda zahanati atawakosesha wenzake thelathini fedha yao, na hataki kuwa mtu huyo.

Kwa sababu hiyo 0.2 ya Alcoa nayo inapaswa kusomwa kwa uangalifu. Kiwango cha majeraha ni namba inayoweza kushuka kwa njia mbili: watu wakiacha kuumia, au wakiacha kusema. Kinachoipa namba ya Alcoa uzito ni kwamba kampuni ilionyesha mbele ya watu wote gharama ya kuficha. Kuhusu fedha, faida ya Alcoa mwaka 2000 ilikuwa takriban mara tano ya ile ya kabla ya O'Neill kuingia, na waandishi wengi wa vitabu vya biashara huiweka faida hiyo yote kwenye akaunti ya usalama. Huko ni kuvuka mpaka. Bei ya alumini, ununuzi wa kampuni nyingine na hali ya uchumi wa miaka ya tisini vilikuwa na mchango wake. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba kutanguliza usalama hakukuifilisi kampuni, kama baadhi ya wawekezaji walivyohofu.

Mwajiri wa Dar es Salaam au Mombasa ana sheria yake ya kufuata. Nchini Kenya, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ajali iliyosababisha kifo inatakiwa iripotiwe kwa ofisa wa usalama na afya kazini wa eneo ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku 7. Ajali iliyosababisha jeraha lisilo la kifo nayo inaandikiwa taarifa ndani ya siku 7. Nchini Tanzania, mwajiri anapaswa kuutaarifu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi juu ya ajali ndani ya siku 7. Mfuko huo, ulioanza kazi Julai 2015, ulikuja kuondoa aibu ya muda mrefu: chini ya sheria ya zamani fidia ya ulemavu wa kudumu haikuzidi shilingi 108,000, na ya kifo shilingi 83,000. Mtu alipoteza mkono wake akapewa fedha isiyotosha kodi ya nyumba ya miezi michache.

Sheria hizo zimejengwa ili aliyeumia alipwe na serikali ijue. Ni kazi ya lazima, na mwajiri anayechelewesha taarifa anamkwamisha mgonjwa anayeihitaji fidia hiyo kwa matibabu na kwa chakula cha watoto. Lakini siku 7 ni nyingi mno kwa anayetaka kujua kilichotokea. Katika siku 7 sakafu imeshadekiwa, mkanda wa mashine uliokatika umeshabadilishwa na ule wa zamani umetupwa, na kibarua pekee aliyeona tukio amemaliza mkataba wake wa wiki na kwenda kutafuta kazi kwingine. Fomu itajazwa kwa kumbukumbu za mtu ambaye hakuwepo, na kwenye nafasi ya chanzo cha ajali litaandikwa neno ambalo kila ofisa utumishi analijua: uzembe.

Kwa hiyo kiwanda kinahitaji saa yake ya ndani, fupi kuliko ya sheria. Kiwanda cha kusaga unga chenye watu sitini hakihitaji mitambo ya Alcoa. Kinahitaji mwenye kiwanda akubali kupigiwa simu usiku, na msimamizi ajue kwamba kupiga simu hiyo hakutamponza. Baada ya kumfikisha majeruhi hospitali, mashine ibaki ilivyo mpaka ipigwe picha. Majina ya waliokuwepo yaandikwe na namba zao za simu, vibarua wakiwa wa kwanza, kwa kuwa ndio wanaopotea mapema. Kesho yake jioni karatasi moja iwe mezani kwa mwenye kiwanda ikieleza kilichotokea, kilichorekebishwa leo, kilichobaki, jina la atakayekifanya na tarehe ya kwenda kukikagua.

Tarehe hiyo ndiyo hupuuzwa zaidi. Kifuniko cha mkanda wa kinu kinaagizwa, fundi wa kuchomelea anachelewa, uzalishaji unabana, na baada ya mwezi kinu kinazunguka wazi kama siku ile ya ajali. Anayekwenda kukagua asiwe yule aliyepewa kazi ya kurekebisha. Afuatane na aliyeumia mwenyewe kama ameshapona, au na mwenzake wa zamu, amwombe aiwashe mashine, kisha amuulize kama sasa angekubali mdogo wake afanye kazi pale.