Jino la Nyangumi Jikoni

Kwenye makumbusho ya uvuvi wa nyangumi ya New Bedford, Marekani, kuna vigurudumu vya kukatia kingo za pai, vilivyochongwa na mabaharia karne ya 19. Mafuta ya nyangumi yaliuzwa kuwasha taa. Meno hayakuwa na soko kubwa, hivyo mabaharia wakaachiwa. Safari ilichukua miaka 3 au 4, na siku nyingi hakukuwa na cha kufanya. Basi wakachonga.

Vingine vina mpini wa nyoka, vingine wa ngumi. Ukiniuliza, vya ngumi ndivyo bora: vinashikika. Vile vya farasi wa pembe moja ni kujishaua tu. Hebu sukuma hicho kwenye kinyunya uone.

Watu huviita zawadi za mapenzi. Sawa. Lakini jamaa amepotea miaka 4, anarudi na kifaa cha kupikia! Yaani alikukumbuka, ila alikukumbuka ukiwa jikoni. Halafu tazama yale meno madogo ya gurudumu: yamekatwa moja moja, kwa kisu na tupa, melini, bahari ikiyumba. Wengi wa wachongaji hawakuweka hata jina.