Picha za Sandukuni

Katika nyumba nyingi liko sanduku lenye cheti cha ubatizo, stakabadhi za kodi, barua za waliokwenda kazi mbali, na chini kabisa picha iliyofifia ya wazee waliovaa vizuri. Hapana aiitaye hiyo sanaa. Lakini Santu Mofokeng, mpiga picha wa Soweto katika Afrika ya Kusini (1956–2020), alizitafuta picha za namna hiyo majumbani mwa watu, akazinakili, na mwaka 1997 akazifanya kazi moja: vipande 80 vya filamu vya kumulikwa ukutani kwa taa, picha na maandiko yakipokezana. Aliiita Albamu ya Watu Weusi, Nitazame, 1890–1950.

Yumo askofu na jamaa yake. Wamo wanawake wa magauni marefu yaliyofungwa shingoni, na wanaume wa koti na tai, wakitukabili bila haya. Yafaa kuikumbuka miaka yenyewe. Sheria ya Ardhi ya 1913 ilimzuia mtu mweusi kununua ardhi katika sehemu kubwa ya nchi ile; na tangu 1928 Duggan-Cronin wa Kimberley alikuwa akitoa vitabu vyake vya picha za makabila, wengi wakionyeshwa kwa ngozi na shanga, na chini yake mara nyingi limeandikwa kabila tu.

Mofokeng katika maandiko yake huuliza: watu hawa walikuwa nani, walitumaini nini, na je, mavazi yao si dalili ya akili iliyotawaliwa? Twaliona swali hili kuwa la haki, wala hatumlaumu kwa kuliacha bila jibu. Ila sisi twaelekea upande wa wazee. Wako watakaotutajia methali ya nguo ya kuazima. Sawa, huenda kiti na pazia vilikuwa mali ya mpiga picha; lakini aliyeketi alikwenda kwa miguu yake, akachagua atakavyotazamwa, katika nchi iliyomchagulia karibu kila jambo jingine.

Kasoro tunayoiona ni kwamba ukutani kila uso hupita upesi, kabla jicho halijashiba. Kitabu kilichotolewa mwaka 2013 kimeponya hilo, maana mtu aweza kurudi nyuma, akakaa na ukurasa mmoja hata jioni nzima.

Nasi tulikaa sana na zile zisizo na majina. Pale jamaa walipokumbuka, Mofokeng ameandika jina, na pengine kazi ya mtu na habari zake. Pale wasipokumbuka, asema wazi kuwa hajulikani. Mara nyingine jina la mpiga picha lipo, na la mama aliyeketi halipo. Huenda hakuna aliyeliandika kwa kuwa siku ile, nyumbani mle, hapakuwa na asiyemjua.