Mchoro Uendao Safari: Uchambuzi wa Kazi ya Chuma Mwambaoni mwa Tanganyika

Katika ukanda mwembamba wa ardhi uliobanwa baina ya milima na Ziwa Tanganyika, kuanzia Muhuta hata kuteremkia Rumonge ambako michikichi ndiyo mali ya watu, kinu cha kukamulia mawese hakipumziki wakati wa mavuno. Na kama ilivyo ada ya kila chuma kisuguanacho na chuma kingine, mhimili wake huliwa, bushi zake hupanuka, na parafujo yake kubwa, ile isukumayo chikichi zilizopikwa, huisha kingo kidogo kidogo, hata mwenye kinu akaona kuwa makapi yanatoka na mafuta ndani yake. Kwa miaka mingi njia ilikuwa moja: kukifungua kipuri, kukitia guniani, na kukipeleka Bujumbura kwa mkerezaji, ambaye alikiweka juu ya meza yake akakiiga kwa jicho na kwa mkono. Njia hiyo ingali hai, wala sina neno baya la kuwanenea mafundi wale. Lakini humlazimu mwenye kinu kukisimamisha kinu muda wote ambao kipuri hakipo, na barabara yenyewe, ipitayo kati ya mlima na maji, si ya kutegemewa siku zote, kama walivyojionea watu wa Gitaza mwezi wa Machi 2015, mlima ulipoporomoka ukaifunga.

Ipo njia nyingine, nayo ndiyo niitakayo kuichambua: kipuri kupimwa palepale kinuni, kuchorwa katika kompyuta, na mchoro peke yake kusafiri kwa simu hadi kwenye karakana yenye mashine ziongozwazo kwa kompyuta, iwe Bujumbura au ng'ambo ya mpaka, ili chuma kipya kifike kabla ya kile cha zamani kufa kabisa. Wengi wakisikia habari hii hudhani kwamba ugumu wake umo katika mashine. Mimi nasema kwamba mashine ndiyo iliyo nyepesi katika kazi yote, kwa kuwa hutii. Ugumu umo katika mchoro, ambao yapasa umwambie mtu asiyemjua mchoraji kila jambo ambalo mchoraji angelisema kwa kinywa chake lau angelikuwapo.

Ushahidi wa jambo hili hatuna haja ya kuutafuta mbali na ziwa hilihili. Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg, kaskazini ya Ujerumani, kiwanda cha Meyer kiliunda merikebu ya feleji yenye urefu upatao mita 71 na upana upatao mita 10, ikaitwa Graf von Götzen, nayo iliundwa huku ikijulikana kwamba haitaelea katika maji ya Ujerumani kamwe. Iliunganishwa huko kwa boliti badala ya ribiti, mataruma juu ya mkuku na mabamba juu ya mataruma, hata ikasimama. Kisha ikafunguliwa, vipande vyake vikiwa na alama, na vyote vikajaza makasha yapatayo 5,000, yakasafirishwa kutoka Hamburg hata Dar es Salaam, na kutoka hapo yakachukuliwa na reli ambayo ilifika Kigoma mapema mwaka 1914, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 za nchi kavu. Wakatumwa pia mastadi watatu wa kiwanda, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, na chini ya uangalizi wao wafanyakazi wa Kiafrika na wa Kihindi wakagongomea ribiti bamba kwa bamba, hata merikebu ikashushwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza.

Msomaji na atazame kwa makini kilichofanyika. Kipande kilichokatwa vibaya Papenburg kingechukua miezi kubadilishwa, na vita vilipozuka Agosti 1914 kisingeweza kubadilishwa kabisa. Kwa hiyo kosa lilitafutwa mahali ambapo kulisahihisha kulikuwa rahisi, yaani kiwandani penyewe, kwa kuifunga merikebu nzima kabla ya kuifungua. Na kazi hii ya kujenga ili kubomoa, ambayo mtu mwenye haraka angeiita ubadhirifu, ndiyo iliyoifanya Kigoma iwe mahali pa kuunganisha badala ya kuwa mahali pa kubahatisha. Kisha zikawekwa alama, ili mtu asiyejua kusoma umbo la merikebu nzima aweze hata hivyo kujua kipande hiki kinakaa wapi. Na kwa kuwa alama haiwezi kusema yote, wakatumwa watu watatu waliobeba vichwani mwao yale yaliyosalia. Sisi wa Muhuta hatuwezi kumtuma mtu pamoja na kila faili; basi yale ambayo Rüter na wenzake waliyabeba vichwani, sharti tuyaandike.

La kwanza katika hayo ni kizio cha kipimo. Faili ya STL, ambayo ni umbo lililovunjwa kuwa pembetatu nyingi, haina mahali rasmi pa kueleza kama tarakimu zake ni milimita au ni inchi. Hivyo mhimili wa milimita 40 ukifunguliwa katika programu iliyozoea inchi utakuwa na unene wa milimita 1,016, kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4. Kosa kubwa namna hiyo halidhuru, maana huonekana kabla chuma hakijaguswa. Lidhurulo ni dogo, kama pale tundu lenye uzi wa nusu inchi linapochukuliwa kuwa la M12, ambapo boliti huingia kwa ulegevu mizunguko michache, kisha hushika, na fundi asiye na subira huilazimisha kwa spana hata uzi ukafa. Faili ya DXF, iliyozaliwa pamoja na programu ya AutoCAD mwaka 1982, yaweza kubeba kizio na yaweza kukikosa. Ile ya STEP, iliyowekewa kanuni za kimataifa kwa namba ISO 10303, hubeba kizio chake, na mviringo ndani yake hubaki mviringo wa kweli. Ndiyo sababu kwa umbo nene naipendelea hiyo kuliko zote, na STL naiachia wale wanaochapa maumbo ya plastiki. Kwa bamba la kukatwa, DXF yatosha, ila chora kando ya umbo, katika tabaka lake la peke yake lisije likakatwa, mraba wa milimita 100 kwa 100, ili mpokeaji aupime kwanza kabla ya kupima jambo jingine lolote.

La pili ni zito zaidi, nami nitalikalia. Umbo la ndani ya kompyuta likisema 40, husema 40 kamili, ilhali duniani hakuna mashine iwezayo kuikata 40 hiyo. Kila chuma huzidi au hupungua, na ustadi wote wa ukerezaji ni kujua kiasi gani cha kuzidi na kupungua kinakubalika, na upande gani. Kwa kanuni za ISO 286, tundu la milimita 40 lililoandikwa H7 laweza kuzidi hadi sehemu 25 za elfu za milimita, wala lisipungue. Mhimili ulioandikwa h6 waweza kupungua hadi sehemu 16 za elfu, wala usizidi. Na ukiandikwa k6 sharti uzidi, kwa sehemu 2 hadi 18 za elfu. Katika kinu cha mawese tofauti ya herufi moja hiyo ndiyo tofauti kati ya beringi iliyoushika mhimili na beringi ambayo pete yake ya ndani huteleza juu ya mhimili ikiula, hata kinu kikarudi katika maradhi yaleyale kabla ya mavuno kwisha. Aghalabu herufi hizo hazimo katika umbo linalotumwa. Kwa sababu hiyo pamoja na faili ya umbo pelekwe karatasi ya mchoro katika PDF, yenye vipimo, herufi hizo za mkao wa vipande, jina la chuma kinachotakiwa, na sentensi moja isemayo kwamba vikihitilafiana umbo na karatasi, karatasi ndiyo ifuatwe.

Na vipimo vyenyewe vitatoka wapi, madhali kipuri kimekwisha kuliwa? Hapa ndipo wengi wapotezapo fedha zao, kwa kukipima kilichoharibika na kukichora kwa uaminifu, kisha kulipa ili uharibifu utengenezwe upya. Kipimwe pale pasiposuguana, na zaidi ya hayo kiulizwe kile kinachokaa juu yake. Beringi yenye namba 6208 ina tundu la milimita 40, kipenyo cha nje cha milimita 80 na unene wa milimita 18 popote iuzwapo. Basi mhimili ukikupa 39.6 mahali inapokaa beringi hiyo, usichore 39.6, bali soma namba iliyochorwa ubavuni mwa beringi na uchore 40 pamoja na herufi yake.

Yapo mengine ambayo nayapitia upesi, kwa kuwa mpokeaji mwema atayagundua mwenyewe, japo si adabu kumwachia. Mstari uliochorwa mara mbili, mmoja juu ya mwingine, huifanya mashine ikate njia ileile mara mbili. Umbo lisilofungwa hukataliwa. Mviringo uliovunjwa kuwa vijistari huacha ukingo wenye makunyanzi. Moto wa plazima hula upana wake katika bamba, basi na uelezwe kama vipimo vyako ni vya kipande kilichomalizika. Pembe ya ndani ya mraba haikatwi na kikatio kinachozunguka: cha milimita 10 huacha pembe yenye mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 5, nawe ukitaka ufunguo wa mraba uingie humo, yakupasa kutoa nafasi mapema.

Usitume maagizo ya mashine peke yake, yale mafungu ya herufi na tarakimu yaanzayo kwa G. Hayo yameandikwa kwa ajili ya mashine moja, yenye sifuri yake, vikatio vyake na lahaja yake. G20 humaanisha inchi na G21 milimita, na fungu moja likiangushwa njiani, chuma huenda pasipotakiwa kwa nguvu ya injini nzima. Fundi anayepokea na apewe umbo na karatasi, kisha ayaandike maagizo mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye atakayesimama mbele ya mashine hiyo.

Katika kutuma, simu zetu zina hila moja ambayo haina budi kutajwa: picha ikitumwa kama picha hubanwa, tarakimu 3 ikafanana na 8, na kiasi cha umbo hakijulikani tena, basi kila mchoro utumwe kama waraka. Jina la faili lisiwe «mpya», wala «mpya ya mwisho», maana kila faili ilikuwa mpya siku yake. Liwe na jina la kipuri, herufi ya toleo na tarehe, na toleo likibadilika herufi ibadilike, na lile la kabla lisifutwe bali liwekwe kando, na mkerezaji aambiwe kwa maneno kwamba toleo A limebatilishwa.

Kisha lifanyike lile la Papenburg, ambalo bila hilo mengine yote ni matumaini. Faili ikishahifadhiwa, ifungwe, ifunguliwe upya, ikiwezekana katika programu nyingine na kwa mkono wa mtu mwingine, apime vipimo vitatu na kuvilinganisha na karatasi. Bamba lichapwe karatasini kwa ukubwa wake halisi, lile chaguo la kulipunguza ili litoshe ukurasa likiwa limezimwa, likatwe kwa mkasi na kuwekwa juu ya kinu, matundu yatazamane na matundu. Kwa umbo nene fundi seremala aweza kulichonga kwa mti laini. Saa moja ya kazi hii kinuni Muhuta ni nafuu kuliko chuma kilichokwisha kukerezwa.

Na chuma kikikamilika kisitumwe kikavu. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani, wakiikimbia Kigoma, waliizamisha ile Graf von Götzen karibu na mlango wa mto Malagarasi, lakini mastadi wale waliipaka mashine yake grisi nene kwanza. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 waliikuta mashine ingali ya kufaa, na Mei 1927 merikebu ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Uso uliokerezwa kwa sehemu za elfu huliwa na kutu katika unyevu wa ziwa kwa siku chache tu. Upakwe grisi, uzungushiwe karatasi ya nailoni, na tundu lizibwe pande zote mbili.

Mwisho, katika malipo na iandikwe sharti kwamba karakana irudishe, pamoja na kipuri, vipimo ilivyovipata baada ya kukereza na faili yenyewe ikiwa imerekebishwa popote. Mkerezaji hodari daima hurekebisha jambo, akaongeza mviringo penye bega la mhimili usije ukapasuka, au akahamisha tundu kidogo. Marekebisho hayo yakibaki katika kompyuta yake, mwenye kinu atayalipia tena mavuno yajayo. Yakirudi, yaingizwe katika mchoro wa asili, toleo lipewe herufi B, na nakala moja ikae nje ya simu, kwa mtu mwingine anayejua ni ya kinu kipi.